Sentimita Tatu za Mgongo

Karatasi ya ruwaza hukunjuka kama ramani ya mji
usio na mtaa hata mmoja ulionyooka:
mistari myekundu juu ya kijani, juu ya buluu, juu ya myeusi,
magauni kumi na mawili yamelaliana pale,
nami natafuta koti moja, namba thelathini na nane,
miwani juu ya miwani.

Miaka thelathini na mmoja nilitengeneza mashine za kiwanda cha karatasi.
Najua milimita. Najua beringi inayolia kabla haijavunjika.
Kwapa sikulijua.
Sikujua kwamba mkono wa koti hukatwa kama kilima
ukaingizwa katika tundu dogo kuliko wenyewe,
kwa subira, kwa pini, kwa matusi ya chini chini.

Darasa ni Jumanne, ghorofa ya juu ya shule kuukuu,
Tampere, Novemba, giza limeingia tangu saa kumi.
Wanawake tisa na mimi.
Wa kwanza kunisemesha ni Vappu, anayewashonea mbwa makoti.
Mwalimu, Irmeli Ahokas, huweka chaki nyuma ya sikio.
"Mwili haukosei," husema. "Karatasi ndiyo hukosea."

Nilileta vipimo vya mke wangu nyuma ya risiti ya samaki:
kifua, kiuno, nyonga.
Akasoma, akanitazama. "Na mgongo?"

Nikanyamaza.
Mgongo wa Saimi hautajwi nyumbani kwetu.
Ulianza kuinama mwaka aliostaafu, polepole,
kama rafu iliyobebeshwa vitabu,
na kila koti la dukani humpanda nyuma, humning'inia mbele,
naye husema, "La bei rahisi, ndiyo maana."

Usiku ule nilimpima jikoni.
Alishika ukingo wa meza kama anayesubiri sindano ya daktari.
Nikaipitisha tepu toka fundo la shingo,
juu ya mwinuko, hadi kiunoni.
Arobaini na nne. Mbele, thelathini na tisa.
Miaka arobaini nimelala kando ya mgongo huu
na sikuwahi kujua urefu wake.
"Andika vizuri," akasema. "Usinipunguze."

Kukata karatasi nzima kunataka moyo.
Mwalimu alipiga mstari toka katikati ya mgongo hadi kwapani,
akanipa mkasi. "Kata, ila usimalize.
Acha unyuzi wa karatasi pale mwisho, uwe bawaba."
Bawaba! Hapo nikaelewa.
Nikafungua: sentimita tatu mgongoni, sifuri kwapani.
Pengo nikaliziba kwa karatasi ya kuokea mikate.
Mstari wa katikati ukapinda, nikaunyoosha;
shingo ikazubaa, nikaibana kwa kikunjo.
Ukigusa pamoja, pawili panalalamika.
Mbele nikakunja, nikala sentimita mbili.

Marikani ya kwanza ilikuwa hema.
Ya pili, kola ilimkaba.
Nikafumua. Kuna wiki sikujifunza kitu ila kufumua.
Ya tatu, niliyoipiga bandi kwa uzi mwekundu,
alisimama nayo mbele ya kioo, akageuka ubavu,
upande ambao huwa hajitazami,
akakaa hivyo kitambo.
"Pindo limenyooka," akasema.
Halafu: "Mifuko iko wapi?"

Sasa koti liko msumarini, sufu ya kijivu, bitana ya zambarau.
Mfuko wa kushoto umeshuka kidogo; amenikataza kuugusa.
Ruwaza nimeiviringisha juu ya kabati,
imeandikwa SAIMI, MACHI, NYUMA +3.
Daktari anasema mgongo hautarudi, huenda ukazidi.
Haya. Bawaba bado inacheza.
Karatasi ya kuokea ipo, nusu roli.